Injini ya "80cc" kwenye Phoenix: injini ichukue, tangi lake liache

Ukifungua sanduku la injini ya baiskeli lililoandikwa 80cc utakuta injini ya mipigo miwili, kabureta, ekzosi, boksi la CDI (la kutoa cheche ya plagi), sproketi ya meno 44, cheni ya 415, kikaza cheni, mkono wa klachi, mshiko wa moto (wa kuongeza mwendo) wenye swichi ya kuzimia, tangi la lita 2 hivi na mfuko wa bolti. Vyote hivyo vinaweza kufungwa kwenye Phoenix au Avon, baiskeli zilizojaa Kanda ya Ziwa, na kinachotoka hapo kinafanana na pikipiki za zamani kabisa. Triumph ilipotoa pikipiki yake ya kwanza mwaka 1902, ilikuwa ni baiskeli iliyofungwa injini ya Minerva. Fremu ya Phoenix bado ina mistari ile ile: bomba la juu lililolala sawa na ardhi, foku iliyopinda mbele, siti ya springi, madigadi mapana. Sura ya kizamani hapo huitafuti, imo tayari.

Niseme mapema nilivyoupima mzigo huu. Injini iliyomo ni nzuri kwa kazi yake. Tangi ni baya, bolti ni mbaya zaidi, na sproketi itategemea idadi ya spoki zako. Anayefunga kila kilichomo sandukuni kama kilivyo ataishia kusukuma baiskeli nzito kuliko aliyoanza nayo. Anayebadilisha vitu vichache na kutengenezewa tangi na mafundi bati wa Makoroboi, Mwanza, anapata chombo cha kuaminika na kizuri kutazama.

Injini yenyewe

Hiyo 80cc ni jina la biashara. Kipenyo cha silinda ni mm 47, pistoni inasafiri mm 38, na ukipiga hesabu unapata sentimita za ujazo 66 tu. Ipo na ndogo yake inayoandikwa 50cc, ambayo kwa kweli ni 48. Kwa Mwanza ndogo isikushughulishe. Mji umekaa juu ya mawe, ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Injini inayovuta hewa kwa pumzi yake yenyewe inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho kabla hata haijauona mlima wa Bugando.

Silinda ni ya aluminiamu iliyopakwa kromu ndani, haina bushi ya chuma. Maana yake ni kwamba ikikwaruzwa haichongwi kuongezwa ukubwa kama silinda ya bodaboda. Unanunua silinda, pistoni na ringi kwa pamoja. Ndiyo sababu habari ya oili, nitakayoifikia mbele, si ya kufanyia mzaha. Kabla ya kufunga, fungua hedi na uangalie kingo za matundu ya silinda. Kromu ikiwa imebanduka au kuna makali yanayokwaruza ukucha, rudisha mzigo. Safisha kwa mafuta ya taa, pangusa, weka tone la oili, rudisha gasketi na ukaze nati za hedi kwa msalaba, kidogo kidogo kwa mizunguko mitatu. Baada ya injini kupata moto kwa mara ya kwanza na kupoa kabisa, zikaze tena.

Plagi ya sandukuni itupe. NGK B6HS inaingia bila marekebisho na inapatikana; iache nafasi ya mm 0.6 hadi 0.7 kati ya ncha zake. Kofia ya plagi nayo mara nyingi hulegea kwa mtikisiko, kwa hiyo chukua ya mpira ya pikipiki. Waya ni kazi ndogo: buluu kwa buluu, nyeusi kwa nyeusi. Waya mweupe unaotoka kwenye magineti uzungushie tepu na uuache. Wengine huufungia swichi au taa, kisha hushangaa kwa nini cheche imedhoofika.

Hesabu ya mwendo, na kwa nini meno 44 hayatoshi hapa

Ndani ya injini kuna gia mbili, meno 20 na 82, zinazopunguza mzunguko mara 4.1. Sproketi ndogo ya nje ina meno 10, ya gurudumu 44, kwa hiyo inapungua tena mara 4.4. Kwa jumla injini inazunguka mara 18 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Sanduku hili limepigiwa hesabu ya gurudumu la inchi 26, ambalo mzingo wake ni karibu mita 2.07. Phoenix ya inchi 28 yenye tairi ya 28 x 1½ ina mzingo wa karibu mita 2.25. Tofauti hiyo ndogo inakupa mwendo zaidi kwa karibu asilimia 9 na kukunyima mvuto kwa kiasi hicho hicho. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, unakwenda km 30 kwa saa badala ya 27.5.

Barabara ya Airport kutoka Kirumba kwenda Ilemela haina neno. Lakini ukipanda Isamilo au Bugando, au ukiingia barabara za mawe za Mabatini, injini inalemewa, klachi inateleza, harufu ya pedi zake inakufikia puani. Agiza sproketi ya meno 48 au 50 pamoja na sanduku. Kwa meno 50, mzunguko ule ule wa 4,000 unakupa km 26 kwa saa, na mwendo huo unatosha kabisa kwa breki za baiskeli. Pima kwanza nafasi: sproketi ya meno 50 ina kipenyo cha karibu sm 20, na bomba la chini la nyuma ya fremu lisiguswe na cheni.

Spoki: hesabu kabla hujalipa

Hapa ndipo wengi hukwama. Sproketi ya sandukuni ina matundu 9 na inabana spoki katikati ya vipande viwili vya mpira, kimoja ndani na kimoja nje ya spoki. Matundu 9 yamepangwa kwa gurudumu la spoki 36, kwa sababu 36 ukigawa kwa 9 unapata 4 kamili. Baiskeli nyingi za mtindo wa Kiingereza zina spoki 40 nyuma na 32 mbele. Kwenye gurudumu la spoki 40 bolti hazikai katikati ya spoki kwa usawa. Nyingine zinasukuma spoki pembeni, sproketi inakaa upande, na kabla hujafika mbali spoki zinaanza kukatika moja moja kwenye kiwiko, pale zinapoingia kwenye habu.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kusuka gurudumu upya kwa habu na rimu ya matundu 36. Ya pili ni kuagiza kishikio kinachobana habu yenyewe, ambacho hakigusi spoki kabisa. Pima kipenyo cha habu yako kwa kalipa kabla ya kuagiza. Ya tatu, ambayo ni rahisi zaidi kwa Mwanza, ni kumpelekea sproketi fundi wa kuchonga vyuma akatoboa matundu mapya 10, nyuzi 36 kutoka moja hadi jingine, kwenye mzingo ule ule wa matundu ya zamani, kisha nawe ukatoboa mpira upya kuyafuata. Naipenda hii ya tatu kwa sababu ya gharama, ila fundi awe na kifaa cha kugawa duara. Akikisia kwa jicho, sproketi itayumba.

Ukishafunga, pindua baiskeli, simamisha ncha ya bisibisi karibu na meno na uzungushe gurudumu. Kuyumba kwa pembeni na kwa juu-chini kusizidi mm 1. Ikizidi, legeza upande mmoja, kaza mwingine, pima tena. Saa nzima ikiishia hapa haijapotea.

Cheni ya 415 ikikuishia usiweke ya bodaboda. Ile ya 428 ina hatua ile ile ya mm 12.7, kwa hiyo inazunguka na kukudanganya, lakini ndani ina upana wa karibu mm 8 wakati sproketi zako zimetengenezwa kwa cheni ya mm 4.8. Inacheza kushoto na kulia mpaka inaruka. Cheni ya kawaida ya baiskeli nayo ni nyembamba, haiingii.

Kikaza cheni kinachofungwa kwenye bomba la nyuma ndicho kifaa cha hatari kuliko vyote sandukuni. Kikilegea kinajipindua kuingia kwenye spoki na gurudumu linasimama ghafla. Fremu ya Phoenix ina nafasi ndefu ya ekseli, kwa hiyo vuta gurudumu nyuma mpaka cheni ya injini icheze mm 15 tu, kisha rekebisha cheni ya pedeli kwa kuongeza au kupunguza pingili. Cheni ya pedeli inavumilia kulegea kidogo. Ya injini haivumilii. Ukifaulu hivyo, kikaza kiache kabatini.

Kufunga injini

Mabomba ya fremu za kizamani ni membamba, ya karibu mm 28, na vibano vya injini vimetengenezwa kwa mabomba ya aina hiyo. Kwa hili Phoenix inaishinda baiskeli ya milimani yenye mabomba manene. Kuta za bomba nazo ni za chuma, zinashika vizuri.

Usiweke mpira kati ya injini na fremu. Ushauri wa kuweka mpira kupunguza mtikisiko unasikika kila mahali, na ndio unaokata stadi (bolti zisizo na kichwa): injini ikipata nafasi ya kucheza, kila mlipuko unapinda stadi kidogo, mpaka zinachoka. Chuma kwa chuma, ikazwe. Ng'oa stadi za sandukuni na uweke za daraja la 8.8 zenye kipenyo kile kile, nati za nailoni, na tone la gundi ya buluu ya kuzuia nati kulegea. Fanya hivyo hivyo kwa stadi mbili za ekzosi. Ekzosi yenyewe ni ndefu na inatikisika, kwa hiyo ipe kishikio cha pili kwenye fremu, la sivyo itaondoka na stadi zake.

Zungusha pedeli mzunguko mzima kabla ya kukaza mwisho. Kranki ikigusa kifuniko cha injini, ekseli ndefu zaidi ndiyo dawa, si nyundo.

Tangi

Tangi la sandukuni lina umbo la tone la maji. Limefungwa kwa stadi zilizochomewa chini yake, na mtikisiko wote wa injini unapita kwenye stadi hizo mbili au tatu zilizoshikwa na bati jembamba. Bati linapasuka pale pale, kuzunguka stadi, na petroli inadondoka juu ya silinda yenye moto. Hilo peke yake lingetosha kulikataa. Tena ndani huwa na kutu au vipande vya rangi vinavyoziba jeti (kitundu cha petroli ndani ya kabureta), na juu ya bomba lililonyooka la Phoenix linakaa kama kiroba.

Tangi linaloifaa fremu hii ni bapa, linaning'inia chini ya bomba la juu, na halina stadi wala masikio yaliyochomewa popote. Linashikwa kwa mikanda ya bati inayolizunguka lote pamoja na bomba. Ndivyo linavyopendeza, na ndivyo linavyodumu, kwa sababu mkanda unagawa mzigo kwenye tangi zima.

Vipimo vinavyofaa fremu ya inchi 24: urefu sm 45, kina sm 9 mbele na sm 13 nyuma, upana sm 6.5. Hesabu inatoa lita 3.2, ukitoa pembe na ukuta wa ndani unabaki na lita 3 hivi. Usizidishe upana, magoti yatakuwa yanaligonga kila unapokanyaga pedeli. Nyuma iwe na kina zaidi kwa sababu kabureta iko nyuma ya injini, na koki inatakiwa kukaa mahali pa chini kuliko pote. Kata kwanza boksi la karatasi ngumu kwa vipimo hivi, liweke kwenye fremu na uhakikishe mambo mawili: kuna sm 5 za wazi juu ya kofia ya plagi, na koki itakuwa juu ya kabureta kwa sm 3 au zaidi hata ukipanda mlima. Ukipungukiwa, punguza kina, si ile nafasi ya plagi.

Makoroboi ilipata jina lake kutokana na vibatari vilivyokuwa vikitengenezwa pale kwa makopo, na ufundi wa kukunja bati na kulilehemu lisivuje mafuta ya taa ndio huu huu unaouhitaji. Malighafi ndiyo tofauti. Bati la kopo ni jembamba mno, litapasuka kwa mtikisiko. Peleka shiti ya chuma cheusi ya geji 20, yaani mm 0.9. Tangi litakuwa na uzito wa kilo 1.5 hivi kabla ya koki na mdomo. Geji 18 ni imara zaidi lakini haikunjiki vizuri kwa mkono. Bati la mabati lenye zinki linalehemika kirahisi na fundi atalipendekeza, likatae. Petroli yenye maji kidogo ndani yake inakula zinki na kuacha unga mweupe unaokwenda moja kwa moja kwenye jeti.

Muombe fundi afanye kazi kwa mpangilio huu. Mbavu mbili zikatwe kwa kipimo kimoja, kila ukingo uachiwe mm 10 za mkunjo. Kipande kirefu cha upana wa sm 6.5, mbali na mikunjo yake, kizunguke kingo zote. Kabla ya kufunga ubavu wa pili, vitu vitatu viwe vimeshaingia: nati ya koki, mdomo wa kujazia, na ukuta mmoja wa katikati wenye matundu manne matano ya mm 10 ili petroli isirukeruke. Nati ya koki ichongwe na fundi wa mashine kulingana na koki uliyoishika mkononi. Usinunue koki baada ya tangi. Nati hiyo na mdomo vichomewe kwa gesi na shaba. Mdomo wenyewe ukate kutoka tangi la jenereta ndogo lililokufa, uje na kifuniko chake, maana kifuniko cha jenereta tayari kina tundu la kupumulia. Lakini tangi lililowahi kukaa petroli halikatwi kwa gesi wala grainda kabla ya kuoshwa kwa sabuni na kujazwa maji mpaka karibu na mahali pa kukata. Mvuke uliobaki ndani unalipuka hata kama tangi limekaa kavu mwaka mzima.

Mikunjo ipigwe ishikane kwanza, ndipo lehemu ifuate kuziba. Lehemu haibebi mzigo. Fundi akiweka bati ukingo kwa ukingo na kutegemea lehemu peke yake, litafunguka. Ukitaka kuchomelea badala ya kulehemu, tafuta mwenye gesi au mashine ya CO2, aanze kwa vidoti kila baada ya sm 2.5 akiruka huku na huku, bati lisijikunje. Mashine ya umeme yenye vijiti vya mm 2.5 itatoboa geji 20, hata mkono ukiwa mwepesi namna gani.

Kupima: ziba mdomo, puliza kwa kinywa kupitia mpira kwenye koki, tumbukiza kwenye beseni. Pampu ya baiskeli isitumike, kuta bapa zinavimba na hazirudi. Mapovu yakionekana, weka alama kwa chaki, kausha, lehemu tena. Gundi ya epoksi juu ya tundu ni kuahirisha tu, kwa sababu petroli inapita chini yake taratibu.

Asidi ya kulehemu inaachwa ndani na inaanza kula chuma siku hiyo hiyo. Osha kwa maji moto yenye magadi, suuza mara mbili, kisha tia changarawe safi kiganja kimoja pamoja na nusu lita ya mafuta ya taa na utikise mpaka mkono uchoke. Mwaga, rudia mpaka mafuta yatoke meupe. Kausha juani, halafu zungusha kijiko kikubwa cha oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) ndani ili kuta zishike utando. Huku ziwani usiku una unyevu, na tangi tupu lenye kuta kavu linapata kutu haraka. Baiskeli ikikaa bila kazi, tangi lijazwe pomoni au likaushwe na kupakwa oili. Nusu tangi ndiyo hali mbaya kuliko zote.

Mikanda miwili ya bati la mm 1.5, upana sm 2.5, kila mmoja na bolti ya M6 ya kukazia. Chini ya mikanda, na kati ya tangi na bomba, weka vipande vya tyubu ya baiskeli. Kumbuka kanuni: injini imefungwa bila mpira, tangi limefungwa kwa mpira. Rangi iwe ya gari yenye hadina, kwa sababu rangi ya kawaida ya mafuta inavuliwa na petroli inayomwagika wakati wa kujaza. Kijani kibichi chenye mstari wa manjano kinaipendeza sana Phoenix nyeusi.

Mpira wa mafuta uteremke moja kwa moja, usipande popote, na uwe na chujio la kuonekana ndani. Injini ikizima baada ya dakika chache na kuwaka ukifungua kifuniko, tundu la kupumulia limeziba. Toboa la mm 1.5. Ikizima na haijali kifuniko, tazama chujio la koki.

Oili, na onyo kwa wanaonunua mwaloni

Mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inapotia nanga, kule Kirumba na Igombe, petroli iliyochanganywa na oili inapatikana kirahisi, kwa ajili ya injini za mitumbwi. Usiijaze. Mchanganyiko wa injini za boti kwa kawaida ni 50 kwa 1, yaani ml 20 za oili kwa lita, na oili yenyewe ni ya daraja la TC-W3, iliyotengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Yako inapozwa na upepo, inapata joto kubwa zaidi, na kromu ya silinda haina msamaha. Tafuta oili ya 2T yenye alama ya JASO FC au FD.

Lita 5 za kwanza changanya 20 kwa 1: ml 50 kwa kila lita. Baada ya hapo 25 kwa 1, yaani ml 40. Changanya kwenye dumu, utikise, ndipo ujaze tangi. Oili ikimiminwa kwanza ndani ya tangi inatuama kwenye koki, na injini inavuta oili tupu. Sirinji ya dukani ya ml 20 inapima vizuri kuliko kifuniko cha chupa.

Kabureta ya sandukuni imepangwa kwa usawa wa bahari. Kwa kimo cha Mwanza mchanganyiko unakuwa mzito: moshi mwingi, plagi nyeusi yenye majimaji, injini inayokohoa ukifungua moto wote. Shusha sindano ya kabureta kwa kupandisha kipini chake tundu moja, na kama haitoshi nunua jeti ndogo hatua moja. Rangi unayoitafuta kwenye plagi ni ya chai ya maziwa iliyokolea. Ikiwa nyeupe, simama. Kuna hewa inaingia mahali, mara nyingi pale kabureta inapobana bomba lake. Dalili nyingine ya hewa hiyo ni injini kupandisha mzunguko yenyewe bila kuguswa. Tepu ya fundi bomba mizunguko mitatu chini ya kibano huziba.

Kuwasha: fungua koki, inua choki, bonyeza kitufe cha kabureta mpaka petroli ionekane, kamata klachi, piga pedeli mpaka km 10 kwa saa, achia klachi. Ikiwaka, shusha choki taratibu. Katika lita hizo 5 za kwanza usivuke km 25 kwa saa na usishikilie moto mahali pamoja kwa muda mrefu. Baada ya km 20 za kwanza pitia kila nati ya chombo kizima kwa spana. Ikishazoea, tegemea km 40 hadi 50 kwa lita kwenye tambarare.

Breki na barabara

Breki za vyuma za Phoenix zinabana rimu ya kromu, na rimu hiyo ikilowa mvua ya masika mpira unateleza kabla ya kushika. Kwa mwendo wa pedeli inavumilika. Kwa km 30 kushuka Bugando haivumiliki. Habu ya breki ya ngoma kwa gurudumu la mbele ni gharama ambayo ningeiweka kabla ya rangi na kabla ya sproketi ya pili. Abiria asipande kwenye keria. Gurudumu la nyuma tayari linabeba sproketi kwa spoki zake.

Pia, baiskeli ikishawekwa injini ni chombo cha moto. Barabarani inadai usajili, bima, leseni na helmeti kama bodaboda, kwa hiyo anza na TRA kabla ya kuikutanisha na askari wa usalama barabarani pale Buzuruga.

Kwa safari ya nje ya mji, mfuko wa chini ya siti uwe na plagi moja, kiungo cha cheni ya 415, spana ya 10 na ya 13, stadi mbili za 8.8 na nati zake, sm 20 za mpira wa mafuta, na chupa ndogo ya ml 100 ya oili ya 2T, maana vituo vingi vya njiani vina petroli na havina oili hiyo.